Barua kwa somo yangu aliyeacha nyama

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu kwako na kwa wanao. Huku hatujambo, ila joto la mwezi huu halina adabu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba watoto asikie. Alicheka mpaka akapaliwa, pale wifi yako anaposema utapukutika kama mti wa kiangazi. Umeacha nyama, samaki, mayai, na maziwa nayo. Sababu ni zako, sikuulizi. Mimi huu mwaka wa saba, na swali la "protini utatoa wapi?" nimeulizwa harusini, msibani, na siku moja hata na kondakta wa daladala. Na anayeuliza, aghalabu, mchana wake kala chipsi kavu.

Basi tupige hesabu umalizane na wifi. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Wewe wa kilo 65 (usinune, uliniambia mwenyewe) ni gramu 52 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Mbaazi kikombe kimoja, 11. Karanga za kujaza kiganja, 7. Ugali wa dona wa mchana utakupa kama 10. Ongeza choroko na chapati jioni, umefika, na hakuna aliyeshika kisu. Protini hujengwa kwa vipande vipande: mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho lisini, maharage yanacho tele; maharage nayo yana uhaba wa kingine, methionini, nafaka inafidia. Bibi zetu waliotupikia makande hawakuwahi kuyasikia majina hayo. Wala si lazima vikutane sahani moja, alimradi siku haijaisha.

Utakapoanguka ni kwenye mihogo na ndizi. Gramu 100 za muhogo wa kuchemsha zina kama gramu moja tu ya protini. Unashiba, unajamba, unalala, na mwili haujapata kitu. Mwaka wangu wa kwanza niliishi hivyo, muhogo asubuhi, wali na mchicha mchana, nikijiona mtakatifu.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya protini. Nakuandikia kwa ajili ya ndala.

Ilikuwa mwaka wa tano. Natoka sokoni Ngamiani na kapu langu, nasikia watu nyuma wanacheka. Nageuka, kijana ameshika ndala yangu ya kushoto. Ilinivuka hatua kama ishirini nyuma na mguu haukuniambia. Nyayo zilikuwa zimekufa ganzi taratibu kwa miezi, nikisingizia viatu, nikisingizia kukaa sana kwenye cherehani. Daktari hakuuliza habari ya viatu. Aliuliza nakula nini, akaagiza damu ipimwe vitamini B12, nayo ikakutwa imepungua.

Somo, hiyo haimo kwenye mimea. Hutengenezwa na bakteria, na sisi huipata kwa wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa. Mahitaji yake ni kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu huacha nyama leo akajiona mzima, akatangaza kwa watu, kisha adhabu ikamfuata baadaye. Tena mboga za majani na maharage vina foleti nyingi, vitamini nyingine hiyo, na foleti huweza kuifanya damu ionekane haina neno huku mishipa ya fahamu inaharibika. Nilichomwa sindano wiki kadhaa, kisha nikaandikiwa vidonge. Miguu imerudi, isipokuwa kidole gumba cha kushoto, ambacho mpaka leo kina kiburi.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba vidonge nilikuwa nameza! Nilikwenda dukani nikaomba "vitamini B", nikapewa zile tembe za bei rahisi za B kompleksi. Baadhi ya hizo zina B1, B2 na B3 tu. Kwa hiyo geuza kopo, soma ubavuni, uone imeandikwa B12 au kobalamini na kipimo chake. Usipoiona, rudisha. Na wale wanaokuuzia unga wa mlonge kwamba una kila kitu, nunua ukipenda, ni mboga nzuri, lakini B12 haimo. Watoto wewe usiwaingize humu kabla hujauliza kliniki. Waache na mayai yao.

La pili ni chai. Najua huwezi kumaliza ugali bila chai ya rangi. Chai huzuia mwili kuyapokea madini ya chuma ya mimea, isubirishe kama saa moja baada ya kula. Kinachoyasaidia ni vitamini C, kwa hiyo kamulia limau kwenye mchicha, au menya chungwa ukiwa bado mezani. Huko Dodoma mna mlenda na karanga na ufuta, mko vizuri kuliko sisi. Uji wa ulezi una kalisi (kalsiamu) nyingi, ushike. Chumvi iwe yenye madini joto.

Sasa mbaazi, maana uliandika kuwa zako zinakuwa ngumu na zinakujaza gesi. Unazipika kavu, nakujua. Loweka usiku kucha, asubuhi maji yale mwaga. Chemsha kwa maji mapya mpaka ukiibana moja kwa vidole inasagika, na chumvi usitie kabla ya hapo. Tia kitunguu, pilipili ya kuchanja na tui la pili, lile jepesi, liache litokote mbaazi zilinywe. Tui la kwanza lije mwisho, moto mdogo, ukikoroga polepole lisikatike. Ukiona mafuta yameanza kuelea pembeni, epua. Kula na maandazi ya jana. Ya leo hayanyonyi rojo vizuri.

Nimempa kijana wa basi kapu lako. Mna mbaazi kilo tatu, machungwa ya Muheza na nazi nne. Kalipokee stendi Jumatano jioni usichelewe, na nazi moja ina ufa, uanze na hiyo.

Wako,
Somo yako