Umeme umekatika seva ikiwa inaapdeti? Usianze kufuta pakeji kwa mkono

Wateja wetu wa Mwanga, Ujiji na kote Kigoma, hili tumelikuta tena juzi kwenye duka moja la dawa. Jamaa alikuwa anaapdeti seva yake ya AlmaLinux (aina ya Linux, mfumo unaoendesha seva) usiku, umeme ukakatika katikati, uliporudi seva ikawaka fresh na programu ya mauzo ikafunguka, akajua yameisha, kumbe kesho yake kila akijaribu kuapdeti inagoma, makosa yamejaa skrini nzima.

Iko hivi. Apdeti inaweka kwanza pakeji (vifurushi vya programu) mpya, zile za zamani inakuja kuziondoa mwishoni, sasa kazi ikikatika hapo kati zote mbili zinabaki zimeandikwa kwenye daftari la RPM, mfumo unaotunza orodha ya pakeji zote za seva, kama duka limeandika mzigo mpya na ule wa zamani haujakatwa, seva haijui ishike upi.

Hapa ndo watu wanaharibu. Mtu anaona glibc, pakeji ambayo karibu programu zote zinaitegemea, ziko mbili anaingia kufuta faili kwa rm, komandi ya kufuta, jamani msifanye hivyo, glibc ikiondoka hata ls, komandi ndogo ya kuorodhesha faili, haifunguki na hapo hatuongelei tena usafi, tunaongelea kuokoa data.

Sisi tunaanza na bakapu ya data na folda ya /var/lib/rpm lilipo lile daftari, tunapiga dnf check (dnf ndiyo programu ya kuweka na kuapdeti pakeji) kuona zipi zimejirudia, halafu dnf remove --duplicates, inaondoa za zamani na kuziinstoo upya zile mpya, kwa hiyo bando liwepo maana inashusha pakeji kutoka mtandaoni. Orodha tunaisoma yote kabla ya kubonyeza y ya kukubali. Kwa wenye CentOS 7, Linux ya zamani, ni package-cleanup --cleandupes, inakuja na pakeji ya yum-utils, ila CentOS 7 yenyewe ilishaachwa kuhudumiwa tangu 30 Juni 2024, tuongee mhamie mpya.

Halafu kaneli (kernel, kiini cha Linux) tatu ukiziona usishtuke, hilo sio kosa, dnf inaziacha makusudi ili mpya ikigoma uwashie ya zamani.

Tukimaliza tunakufungia tmux bure, programu inayoshikilia kazi yako ndani ya seva, ukiapdeti humo hata intaneti ikikata kazi inaendelea kwenye seva, ila umeme tmux haiuzuii, hiyo ni kazi ya UPS, betri ya kushikilia seva umeme ukikatika, na kwa seva inayoshika mauzo ya duka zima mi naona ni lazima. Kama makosa yameshatokea piga picha ya skrini, usijaribu komandi nyingine yoyote, tuletee picha hiyo dukani.