Shemeji alizima sigaa yangu kwenye kisosi

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa na nusu usiku, nyumba nzima imelala, mimi niko sebuleni na simu. Nimeanza kukuandikia mara nyingi nikafuta kwa sababu najua utakavyoniona: mwanaume mzima, baba wa watu, analilia sigara. Nione tu hivyo, ila nisome mpaka mwisho. Na tafadhali usinianzishie habari ya mapafu. Daktari ameshanipa somo hilo, mchungaji ameshanipa, mke wangu ananipa bure kila wiki. Mimi si mvutaji wa kila siku. Navuta Jumamosi moja moja, jioni, nje chini ya mwembe, na moshi wenyewe siumezi.

Kinachoninyima usingizi ni kisosi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipewa sigaa, ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, kutoka kwenye sanduku langu ambalo mimi mwenyewe sijaonja hata moja. Akavuta nusu, nusu nyingine akaikandamiza kwenye kisosi cha chai, kama konda anayezima kipisi stendi basi likitaka kuondoka.

Ngoja nieleze ni sanduku gani maana nyumbani kwangu hakuna anayetaka kuelezwa. Ni Partagás Serie D No. 4, sigaa 25, zimesokotwa kwa mkono Kuba. Chini ya sanduku wamepiga muhuri wa mwezi na mwaka lilipofungwa: MAR 22. Binamu yangu aliyeko Dubai ndiye aliyelileta. Siku ile ile niliandika kwenye karatasi, nikaibandika juu kwa utepe wa gundi: LISIFUNGULIWE KABLA YA MACHI 2027. Kwa wino mwekundu, Shangazi. Mke wangu anajua kusoma, ana stashahada.

Utauliza kwa nini nisubiri miaka yote hiyo. Hata shemeji aliuliza, ila yeye aliuliza akicheka. Tumbaku ya sigaa ikishakaushwa inarundikwa ijichachushe, inapata joto yenyewe, inatoa amonia, ile harufu ya banda la mbuzi. Lakini haitoki yote. Ikishasokotwa inaendelea kutoka kidogo kidogo ndani ya sanduku, na ukali wa majani unapungua taratibu. Hii Serie D ina nguvu, ukiivuta bado changa inakupiga kichwani huku ladha imejificha. Na wazoefu wanasema kuna kipindi katikati sigaa "inaumwa": ilipotoka kiwandani ilikuwa nzuri, baadaye itakuwa nzuri zaidi, ila hapo katikati haina raha yoyote. Ukiwa na haraka unaikuta inaumwa, unaitukana, unaizima. Kwenye kisosi.

Nayajua haya si kwa kuringa. Mimi ni mtoto wa Urambo, Tabora. Nimekua kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, nimekesha nikichochea moto usiku kucha nikiwa darasa la nne, nikiogopa kusinzia joto lisije likashuka majani yakaharibika. Najua majani ya chini huvunwa kwanza na ya juu ndiyo mazito. Marehemu baba alilima tumbaku maisha yake yote, akafunga mitumba ya majani, akasimama mbele ya klasifaya pale sokoni akingoja kuambiwa daraja gani, na kila msimu alirudi nyumbani amenywea. Ile ilikuwa tumbaku ya mvuke, ya sigara za kawaida, lakini jasho ni lile lile. Hakuwahi hata siku moja kukaa kwenye kiti na kuvuta tumbaku iliyotunzwa vizuri. Alivuta makapi kwenye karatasi ya daftari letu la shule. Kwa hiyo shemeji anaposema "hiyo si tumbaku tu, kwani Tabora haipo?" ananigusa mahali ambapo hapajui.

Nimelitunza hilo sanduku kuliko ninavyojitunza mwenyewe. Dar unaijua. Joto nyuzi 31, 32, na wakati wa masika hata viatu vinaota ukungu kabatini. Sigaa inataka unyevu wa kama asilimia 65 na joto lisilozidi nyuzi 20 hivi. Joto likipita nyuzi 24 au 25, mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyojificha kwenye majani yanaweza kuanguliwa, na huyo mdudu, kadogo, ka kahawia, anatoboa sigaa kama filimbi. Nilipolipata sanduku nililifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki nikaliweka kwenye friza siku tatu ili mayai yafe, katikati ya vibua na nyama ya supu. Mke wangu alinuna siku zote tatu. Halafu fundi wa Keko akanitengenezea kasha kwa mbao za sedrela, mti ule ule wanaotumia Kuba. Kwetu ulipandwa zamani kwa ajili ya mbao, na kule Kimboza, Morogoro, sasa umegeuka kero msituni. Nilifurahi sana kuupata. Kasha liko ndani ya friji dogo chumbani, na umeme ukikatika ninaamka. Mke wangu anasema hata watoto walipokuwa wachanga sikuamka hivyo. Si kweli. Niliamka.

Tamaa ninayo, tena nyingi. Usidhani mimi ni jiwe. Tangu lilipofika ninalitoa, nalifungua kidogo, nanusa, nalirudisha. Kunusa si kuvuta. Mwanzoni kulikuwa na ile amonia inayochoma pua. Mwaka uliofuata ikapungua, na siku hizi nikifungua napata harufu ya bani alfajiri, moto ukishafifia na majani yameshakuwa ya dhahabu. Hapo mate yanajaa. Nimejiwekea vijisigaa vya bei nafuu vya Jamhuri ya Dominika ili mkono ukiwasha nishike hivyo. Jamaa zangu wa kundi la WhatsApp wanasema dawa ni kununua masanduku mawili, moja la kuvuta na moja la kusahau. Hao wana hela. Mimi nina moja.

Sasa lile tukio. Pasaka nilikuwa Dodoma kikazi. Shemeji akaja na familia yake, wakala pilau, wakanywa, na jioni akasema amesikia bwana mkubwa ana sigara za Fidel Castro, alete moja aone. Mke wangu akaenda chumbani, akapita karatasi yangu nyekundu, akachukua. Haya yote ameniambia mtoto wangu wa mwisho, mwenzangu alisema tu "kaka alijaribu moja". Mtoto anasema mjomba aliikata kwa kisu cha nyanya, akaiwashia kwenye jiko la gesi, akavuta moshi mpaka kifuani kama sigara ya kawaida, akakohoa mpaka machozi, watu wote wakacheka. Akasema: "Kali, halafu inanuka mkojo." Ndipo akaizima.

Niliporudi niliikuta kwenye ndoo ya taka, nusu nzima, chini ya maganda ya viazi. Nikaiokota. Mke wangu akanikuta nimeishika. Akacheka, Shangazi, akampigia dada yake simu pale pale nikiwa nimesimama.

Nilipofoka aliniambia maneno ambayo sina jibu lake. Alisema kaka yake ndiye aliyetukopesha hela ya kumalizia kiwanja, na hakutudai kwa haraka, alisubiri. "Yeye alikusubiri wewe, wewe unamlilia sigara moja?" Kweli alisubiri. Sikatai. Lakini kiwanja ni kiwanja. Ningekuwepo ningempa mwenyewe, ningemkatia vizuri, ningemwonyesha namna ya kuvuta, na ningempa ya Dominika. Hapana, labda ningempa hiyo hiyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba asingeizimia kwenye kisosi mbele yangu.

Na siyo suala la hela. Kila mtu anadhani ni hela. Ingawa ukitaka hela, kuipata moja kama ile leo, kwa bei nilizoziona mara ya mwisho, ni kama kilo 20 za mchele wa Kyela, na hapo sijasema usafiri. Hizo si Cohiba, zile nyingine za Kuba za bei ya juu. Cohiba sizigusi, mwaka 2022 walizipandisha bei hata matajiri wakalalamika. Septemba ya mwaka huo huo kimbunga Ian kikaipiga Pinar del Río, kule tumbaku yenyewe inakotoka, kikaangusha maelfu ya mabanda ya kukaushia. Niliona picha, mbao zimelala chini na majani yametawanyika matopeni, nikamkumbuka mzee na bani letu lililowahi kuungua. Kwa hiyo hizi za Machi, kabla ya kimbunga, haziji tena. Nyumbani hakuna anayejua hilo.

Mke wangu hajui bei. Anaamini binamu alileta zawadi. Sikumdanganya. Nilisema "binamu ameleta", na kweli aliyeleta ni binamu. Hakuniuliza nani amelipa. Angeuliza ningejibu. Mwaka ule ada ilikuwa imechelewa kidogo, lakini ililipwa, na kila mtoto alisoma. Sasa yeye anaona amempa kaka yake kitu cha bure alicholetewa mumewe, mimi namkasirikia ugeni. Nikimwambia bei atanielewa kwa nini nimeumia, halafu ataanza kukumbuka mwaka ule na ada. Nisipomwambia nitabaki mchoyo ukoo mzima, na dada yake ameshalisambaza. Nimwambie au nisimwambie? Ila usinijibu hilo kwanza, kuna jambo la haraka zaidi.

Nimenunua kufuli. Kufuli dogo tu, la kwenye friji. Mke wangu alipoliona hakusema kitu, akaenda jikoni, akarudi: "Umeniwekea kufuli ndani ya nyumba yangu?" Tangu hapo ananipakulia chakula bila neno. Halafu jana usiku, taa imeshazimwa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hivi hizo sigara unamtunzia nani?"

Ndiyo maana silali. Ningekuwa na jibu ningelala. Namtunzia Machi 2027. Nikisema hivyo naonekana kichaa. Namtunzia mzee, ambaye hayupo. Mimi mwenyewe nina shinikizo la damu. Nani ameniahidi 2027? Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa na shati jipya la krismasi limekunjwa kabatini, wakamzika nalo Novemba. Kwa hesabu hiyo nivute zote mwezi huu. Lakini nikivuta sasa, shemeji atakuwa ameshinda. Yeye ndiye atakuwa amefungua sanduku, mimi nimefuata.

Na kuna hili la mkojo. Miaka yote hii imepita, bado zinanuka amonia? Puani mwangu harufu ilishaondoka. Labda ni kwa sababu alimeza moshi, au aliiwasha kwa gesi vibaya. Labda zinaumwa bado. Au kuna siku umeme ulikatika nimelala fofofo zikaharibika, na mimi nasubiria maiti. Namna ya kujua ni moja, kuvuta moja. Si kwa tamaa, kwa ukaguzi tu. Hata klasifaya hufungua mtumba. Ninapoandika hapa moja iko mezani, haijakatwa. Nimeitoa saa nane. Nimeibonyeza, ni laini inavyotakiwa. Zimebaki 24 pamoja na hiyo. Nikikagua, zitakuwa 23, na 23 bado ni nyingi, ila najijua. Nikikagua leo, Jumamosi nitataka kuhakiki ukaguzi.

Unaweza kuniambia niwagawie wote, nikate mzizi wa fitina. Nilishawaza. Usiniambie hivyo.

Haraka yenyewe ni hii: mwezi ujao ni kipaimara cha mtoto wetu wa kwanza, na shemeji ndiye mgeni rasmi kwa sababu unazozijua. Ameshampigia dada yake, yaani mke wangu, akauliza kama zile sigara kali bado zipo, ana rafiki yake anataka kuzionja. Dada yake akamjibu zipo, ila sasa zina kufuli, wakacheka tena. Kisha mke wangu akanitumia ujumbe, tukiwa nyumba moja: "Kaka anakuja na mgeni. Andaa mbili."

Nitoe mbili au niweke za Dominika kwenye sahani niseme ndizo? Hatajua tofauti. Mtoto atajua, yule ana macho. Nijibu kabla ya mwezi kuisha, na ukichapisha barua hii badilisha Dodoma uandike Mwanza, mke wangu anasoma ukurasa wako kila Jumapili kabla yangu. Au iache Dodoma. Yote sawa.

Baba wa watatu,
Dar es Salaam