Kompyuta iendayo polepole itunzwe kabla ya kubadilishwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji wenzangu kwamba kompyuta ya nyumbani inayokwenda kwa kusuasua mara nyingi haihitaji kubadilishwa, bali kutunzwa. Vumbi likiziba feni, prosesa, yaani chipu inayoendesha kazi zote za mashine, hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kuizima mashine, kuichomoa kwenye umeme na kulipuliza vumbi hilo, huku feni imeshikiliwa isizunguke, ni kazi ndogo. Programu zinazojiwasha pamoja na mashine zipunguzwe, na diski isiachwe ikajaa pomoni. Wenye diski za SSD, yaani zile zisizo na sehemu inayozunguka, wasihangaike kuviunganisha upya vipande vya mafaili yaliyotawanyika ndani yake (defragmentation), kwani kufanya hivyo huzichakaza bila faida. Na hizo programu za bure zinazoahidi kasi maradufu? Nyingi huongeza mzigo tu.

Msomaji wenu.