Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli la Kenya: wazee walioendesha injini za mvuke wasikilizwe

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Usije ukanidhania ni mmoja wa wanaolilia enzi za kale. Dizeli ilipochukua nafasi ya mvuke kwenye reli ya Mombasa, ilistahili. Njia ile hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 Nairobi, ikipita Nyika ya Taru ambako maji ni ya shida. Injini ya mvuke huyataka maji hayo kwa wingi, na huwashwa saa nyingi kabla ya safari. Dizeli unaiwasha, inaondoka. Mhasibu yeyote angeamua vivyo hivyo.

Lakini mhasibu hahesabu kila kitu. Chukua injini za Garratt za aina ya 59. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda 34 katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Katika reli za upana wa mita moja, hakuna injini ya mvuke iliyozizidi ukubwa popote duniani. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, boila likibebwa katikati ya seti mbili za magurudumu ili mtambo mrefu namna ile upinde kwenye kona. Zilichoma mafuta mazito, si makaa. Kufikia 1980 zote zilikuwa zimestaafishwa, na karibu zote zikaishia kuwa chuma chakavu. Makumbusho ya Reli Nairobi yana mbili: Mount Gelai na Mount Shengena.

Siombi zipakwe rangi. (Rangi tunaijua, hupakwa mgeni mashuhuri anapokuja.) Naomba watu waliozijua waulizwe maswali wangali hai. Kijana aliyekuwa na miaka 20 injini ya mwisho ilipozimwa sasa amepita sitini, na madereva waliomfundisha wengi wao wametangulia.

Waulizwe walisomaje moshi: ukiwa mweusi tii, mafuta yamezidi hewa. Waulizwe kuhusu mchanga waliotupia motoni, ukavutwa na upepo wa mtambo na kukwangua masizi ndani ya mabomba ya boila. Ulitupwa wakati gani, kiasi gani, na ukikosea inakuwaje? Kitabu cha mtambo kitakutajia jina la kila vali, lakini mkono wa aliyeifungua akipanda mlima usiku hakina.

Tena kuna mpango wa Nairobi Railway City, wa kujenga upya eneo la stesheni kuu ya Nairobi. Michoro yake iwape Gelai na Shengena paa, shimo la ukaguzi na njia inayounganika na reli kuu, ili siku fundi akithibitisha boila ni salama, moja iweze kutoka.

Hayo ya michoro yanaweza kungoja bajeti. Kurekodi wazee kunahitaji vijana wawili, kinasa sauti na nauli. Naomba utujibu hadharani: kazi hiyo atapewa nani, na ataanza lini?

Wako,
Mpenzi wa reli