Dada, resipi ya roli za mdalasini nakupa, lakini ile trei uliitoa wewe

Dada yangu,

Mwanao kanitumia meseji juzi, "mamdogo shikamoo, naomba ile resipi ya roli za mdalasini, na je zikishakatwa zinalala ndani ya friji au nje?" Nikajua ni wewe. Yule mtoto hawezi kuuliza kitu kinalala wapi, hilo swali ni lako, na ndio swali ambalo mimi na wewe tulitakiwa tuliongee toka Krismasi ile na hatujaliongea mpaka leo.

Nakujibu huku kwasababu kwenye simu tukianza tunaishia kukatiana, na grupu la familia nilishatoka unajua. Nyie wengine mnaosoma chukueni resipi iko kamili, mengine ni ya kwetu.

Unga wa ngano nusu kilo. Maziwa robo lita, nyumbani hayakosekani, yachemshe kwanza halafu yaache yapoe mpaka ukitia kidole unasikia uvuguvugu tu, nyuzi 40 hivi, yakiwa ya moto sana hamira inakufa na hapo hakuna cha kufufua. Hamira ya chengachenga vijiko viwili vya chai, sukari gramu 70, chumvi kijiko kimoja cha chai, yai moja, siagi gramu 75 iliyolainika, na iliki ya kusaga. Iliki usiache. Kule Uswidi wanakozipenda hizi roli mpaka wamezitengea siku yake, tarehe 4 Oktoba, toka mwaka 1999, wao iliki wanaweka kwenye unga wenyewe, na siku naambiwa hivyo kazini nilimkumbuka mama na kile kinu chake kidogo, maana maandazi bila iliki alikuwa anasema hajapika.

Kanda dakika kumi na zaidi. Utaona unanata, utataka kuongeza unga. Usiongeze dada, nakujua, una mkono wa kuongeza unga kwenye kila kitu, hata chapati zako ni tamu ila ngumu, na hizi zinatakiwa ziwe laini ndio maana yake nzima. Endelea kukanda tu utaona zinaacha kunata zenyewe. Funika, acha uumuke mpaka uwe mara mbili, huko juu kwetu Masama panaweza kuchukua saa moja na nusu hata mbili kwasababu kuna baridi kuliko Moshi mjini, usiangalie saa, angalia unga.

Sukuma uwe pembe nne, sentimita 30 kwa 45 hivi. Paka siagi gramu 100 iliyolainika, sio iliyoyeyuka, nyunyiza sukari gramu 120, ile ya brauni ya TPC inafaa kabisa, uichanganye na mdalasini vijiko viwili vya chakula. Mdalasini uwe wa Zanzibar kama utaupata, lile gome jembamba la tabaka tabaka linalovunjika kwa vidole, saga mwenyewe, wa kwenye pakiti hujui umekaa dukani miezi mingapi. Na usije ukauchanganya kwenye unga ukidhani utaongeza harufu, mdalasini mwingi unaizuia hamira isifanye kazi, ndio maana unakaa kwenye siagi katikati. Viringisha, kata vipande 12 kwa uzi wa kushonea, upitishe chini, uukutanishe juu, vuta, kisu kinazibonyeza. Panga kwenye trei uliyopaka siagi, ziachie nafasi ya kidole kati yake.

Sasa kwenye swali lako. Ndani. Zinalala NDANI ya friji.

Ukishazipanga unafunika na nailoni vizuri zisikauke, unaingiza kwenye friji muda huohuo. Kwenye nyuzi 4 hamira haisimami kabisa, inatembea polepole, kwahiyo roli zinapanda taratibu usiku kucha, masaa 8 mpaka 12, na hata zikifika 16 hazina shida, ladha inazidi kukolea. Hiyo ndio raha ya kuziandaa mapema, kazi yote inaisha tarehe 24 na asubuhi ya Krismasi mtu unaoka tu wakati wengine wanavaa. Lakini zikikaa nje, tena jikoni kwenye joto la majiko, saa moja tayari zimeiva kuumuka, masaa mawili zimezidi, na zikifika usiku mzima unga unachoka hauna nguvu ya kujishika tena, unaanza kunuka pombe, siagi inatoka na sukari yote inatuama chini, ukiziingiza kwenye oveni badala ya kupanda zinalala.

Naelezea kwa kirefu kwasababu vyote hivyo niliviona alfajiri ile.

Niliingiza trei saa tatu usiku, rafu ya chini, wewe ulikuwa unamenya ndizi za mtori na nikakwambia dada hii isiguswe mpaka asubuhi, ukasema sawa. Nikaenda ibada ya mkesha na mama, wewe ukabaki na masufuria. Tumerudi mama kachoka, miguu imemvimba, nikamlaza na mimi nikalala palepale chumbani kwake. Saa kumi na moja nikaja jikoni, ulikuwa umeshaamka umejifunga khanga unakoroga mtori, nikakuamkia ukaitika bila kugeuka. Nikafungua friji, trei ipo rafu ya chini vilevile nilivyoiacha. Nikaishika. Kitako chake kilikuwa vuguvugu.

Dada, kitu kilicholala kwenye friji usiku kucha hakiwi vuguvugu.

Nikainama, chini ya meza kuna soda zimepangwa zinatoka jasho la baridi, na beseni la nyama ya mbuzi limefunikwa na sinia pembeni. Juu ya meza karibu na jiko la mkaa kuna doa la siagi. Nikaelewa palepale. Ulitoa trei yangu upate nafasi ya soda na nyama, labda ukasahau, labda uliona ni mikate tu itajijua, na asubuhi ulivyokuta zimeumuka mpaka zinamwagika ukatoa soda zako ukairudisha pale pale ili nije niikute mimi.

Kutoa nilishakusamehe, nakwambia ukweli. Friji ndogo, watu wengi, wageni wa shemeji walifika bila taarifa, ningekuwa mimi labda na mimi ningetoa. Ni kule kurudisha.

Sikusema neno kwasababu watu wamelala sebuleni na mama anakohoa, nikawasha oveni nikaoka huku naomba Mungu. Zikatoka bapa, chini sukari imeungua, katikati unga mbichi, zina uchachu. Nikazipanga kwenye sinia hivyohivyo maana mama alikuwa ameshakaa mezani na kikombe chake cha chai ya maziwa ananisubiri. Alikuwa anasubiri toka Septemba alipokuja kwangu Arusha nikamletea kipande kilichobaki kazini, na meno yake unayajua, andazi alikuwa analichovya mpaka linamomonyoka, lakini kile alikitafuna mwenyewe mpaka mwisho akafuta vidole akasema hizi Krismasi utatutengenezea nyumbani tule wote. Wote, alisema.

Shangazi akachukua moja, akaigeuza, akairudisha. Na wewe unagawa mtori ukasema kwa sauti, "hivi vya hotelini huku milimani havikubali, kuleni mtori jamani." Watu wakacheka. Wewe ulikuwa unajua! Katika watu wote wa meza ile wewe peke yako ndio ulikuwa unajua kwanini hazikukubali, na ukasema vile.

Mama hakucheka. Alichukua moja akachovya akala nusu, akasema ladha ipo mwanangu, mwakani utapatia.

Juni tukamzika.

Kwahiyo ukisikia watu wanasema mdogo wako amegombana na wewe kwa ajili ya mikate, na najua wanasema maana hata binamu yetu wa Dar aliniuliza hivyohivyo msibani, waambie hapana. Ungeniita hata pembeni pale jikoni ukasema mdogo wangu nilitoa trei, nilihitaji nafasi, nisamehe. Au ungemwambia mama tu. Mimi nisingetaka zaidi. Mama angejua mwanae hakushindwa, angejua ile kazi aliyoisomea anaiweza, kwasababu ndicho kitu alichokuwa anakisema kwa majirani, kwamba mtoto wangu anaokea wageni wa mbuga wanakula wanashukuru. Ameondoka ameona moja tu ya kazi zangu mezani kwake na ndio ile.

Na habari ya kwamba tarehe 26 niliondoka bila kuaga. Nilimuaga mama. Nilimuaga shemeji. Wewe ulikuwa umeshuka sokoni, na nilikaa pale Kwa Sadala njia panda kwenye Noah muda mrefu tu linasubiri kujaa na nilikuwa nakuona upande wa pili na kapu lako, na kama ungeangalia upande wangu ningeshuka. Pasaka sikuja kwasababu nilikuwa zamu, waliokuwa zamu ni wengi sio mimi peke yangu, muulize yeyote anayefanya kazi za hoteli Arusha kama sikukuu huwa ni zake. Ningeweza kubadilishana zamu na mtu, sawa, lakini nibadilishane nije nikae kwenye meza ileile na wewe tujifanye hakuna kitu? Mama mwenyewe nilikuwa namjia siku za katikati ya wiki, hukuwepo tu.

Halafu nakumbuka mambo mengine nashindwa hata kukasirika vizuri. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye mikungu ya ndizi uliyokuwa unashuka nayo kichwani asubuhi kabla hata kahawa haijaiva, na kiatu cha kwanza cha kuvalia jikoni ni wewe ulininunulia Kiboriloni, mtumba wa ngozi, ulikipiga rangi mwenyewe usiku mpaka kikawa kipya. Wewe ndio ulinifundisha kukoroga mtori usishike chini. Sina dada mwingine. Mtu baki angenirudishia trei vile ningeshamsahau.

Haya, asubuhi. Toa trei saa kumi na moja, iache mezani saa moja mpaka moja na nusu ubaridi utoke, bonyeza na kidole, shimo likirudi polepole ziko tayari, likirudi haraka zisubiri kidogo. Oveni nyuzi 180, dakika 25, zikianza kuwa nyeusi juu funika na foili. Gesi ikiisha, na siku ya Krismasi ndio huwa inaisha, tumia sufuria kubwa lile la pilau, mchanga chini, trei ndogo ndani, mkaa juu ya mfuniko uwe mwingi kuliko wa chini, angalia kila baada ya dakika kumi. Ile krimu nyeupe ya sukari ya juu usihangaike nayo, mama alisema inafunika mdalasini na alikuwa sahihi.

Umeme ukikatika usiku usifungue friji kabisa, baridi inakaa masaa manne hivi bila shida. Kama unaona nafasi haitatosha, basi usizilaze mbichi, zioke tarehe 24 mchana, zikipoa zifunge na foili, asubuhi zipashe nyuzi 150 dakika kumi na tano, sio sawasawa na za kuoka palepale ila ni nzuri, tena kwa friji yetu ile labda ndio njia salama. Na soda ziweke kwenye ndoo za maji ya mfereji toka jioni. Maji yanayoshuka kutoka mlimani yanapoza soda vizuri tu, baba alikuwa anapozea humo kabla hata hatujawa na friji, sijui kwanini siku ile hakuna aliyekumbuka.

Likizo nimeomba, nimepewa kuanzia tarehe 22 mpaka 27. Mdalasini nitanunua mimi, iliki ipo ya kwangu. Unga na maziwa ni juu yako. Nitakuja kama utaniambia, kabla ya tarehe 20, wewe mwenyewe kwa mdomo wako na sio mtoto, ulitoa trei saa ngapi.

Mdogo wako