Barua kwa mwanangu anayekwenda Xi'an, China

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku Tanga hatujambo, ila presha ya babaako inapanda na kushuka. Ratiba uliyomtumia dada yako nimeiona. Mimi hukunitumia, na hilo tutalizungumza ukirudi. Nilipofika palipoandikwa "saa nane mchana, muda huru" moyo ukanienda mbio, maana dada yako anasema umeshapanga: wenzio wakiingia madukani, wewe utakodi baiskeli uuzunguke ukuta wa mji peke yako.

Usiliache kundi, mwanangu. Yale ya Pangani siyarudii, unayajua.

Nasema ninachokijua. Mji huo nilifika na kina mama wenzangu wa biashara tulipomaliza kununua mzigo Guangzhou. Ukuta wenyewe wa zama za wafalme wa Ming, karne ya 14, una karibu kilomita 14 kuzunguka, kimo mita 12, na juu yake ni barabara nzima. Tatizo ni kwamba pande zake zinafanana: matofali yale yale ya kijivu, minara ile ile. Wala hushuki unapotaka, unashukia langoni. Ukishukia lango silo utajikuta mtaani ambako hata Kiingereza hakikusaidii, sembuse Kiswahili. Baiskeli panda, sikukatazi. Panda na mwenzio, na mrudi lango lile lile mlilopandia. Kundi letu lilipandia la kusini, linaitwa Yongning.

Na chukua kadi ya hoteli mapokezi, yenye jina na anwani kwa maandishi ya Kichina. Usiniambie umeipiga picha. Simu ikizima chaji, hiyo picha utamwonyesha nani? Weka kadi mfukoni mwa suruali, siyo kwenye begi, pamoja na noti chache za yuan, kwa sababu kule watu wanalipa kwa simu hata karanga. WhatsApp kwa intaneti ya hoteli za kule haifunguki, kwa hiyo weka WeChat kabla hujaondoka, na umwelekeze dada yako aniwekee na mimi. Polisi wao namba ni 110.

Asubuhi mtapelekwa Lintong kwenye wale askari wa udongo. Hapo furahi, mwanangu, furahi sana. Wakulima walikuwa wanachimba kisima mwaka 1974 wakakutana na vipande vya sanamu, kumbe chini kuna jeshi zima lililofukiwa kumlinda mfalme Qin Shi Huang, yule aliyeiunganisha China mwaka 221 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Shimo la kwanza limeezekwa paa kubwa kama banda la ndege, na watu wote watajazana mbele kupiga picha. Wewe usiishie hapo. Mtafute mpiga upinde aliyepiga goti, wamemtia kwenye kioo. Zunguka nyuma yake uinamie kiatu. Unyayoni utaona alama za mishono, moja moja, zimebanana kwenye ncha, katikati zimeachana. Kiatu cha mtu wa udongo, kitakachofukiwa kaburini kisionekane tena, na fundi hakukifanyia uvivu! Nilisimama pale nikakukumbuka wewe na makubazi yako. Safari hii unajilipia kwa sindano yako mwenyewe, hukumwomba mtu shilingi, na nimewaambia majirani wote. Babaako anasema nimezidi. Acha nizidi.

Lakini ukimwinamia huyo mpiga upinde, jicho moja liwe kwenye kibendera cha kiongozi wenu. Wageni wa pale ni wengi na vibendera ni vingi, ukifuata rangi tu utaingia basi la watu wengine. Pasipoti nayo iwe mwilini, mlangoni wanaidai pamoja na tiketi.

Jioni mtaingia mtaa wa Waislamu, nyuma ya Mnara wa Ngoma. Msikiti Mkuu uko humo ndani. Usitafute kuba, hakuna. Ni mbao na vigae, ua baada ya ua, na mnara wake una mapaa ya Kichina yaliyopandana. Wameujenga kuelekea magharibi kwa sababu Makka kwao iko huko, wakati sisi Tanga tunaelekea kaskazini. Nenda na udhu wako uswali. Ukumbi wa swala hawauingii watalii wasio Waislamu. Mwambie kiongozi kabla hujavua viatu, asije akahesabu watu akaondoka.

Kula paomo. Watakupa bakuli na mkate mgumu, unaumega mwenyewe kwa vidole, kisha wanaupeleka jikoni kuupika na mchuzi wa kondoo. Mega vidogo vidogo kabisa, ukifanya haraka zako mchuzi hauingii. Nje ya hapo msongamano ni wa kubanana mabega, na ndipo watu wanapopotezana. Kaeni wawili wawili. Najua utasema mama ananifanya mtoto. Sawa, sema, lakini kaeni wawili.

Nyumbani, tangi la maji limeanza kuvuja pale pale, na fundi anataka malipo yote mbele, sijampa. Ngozi uliyoagiza imeletwa, nimeiweka chumba cha uani juu ya kabati, panya wasiifikie. Yule mteja wa jozi za harusi amepita mara mbili na nimechoka kumwambia kesho, niandikie tarehe ya kweli nimpe. Usininunulie sanamu, hapana pa kuziweka. Dada yako anataka pilipili za kule, ukipata.

Nijibu leo, siyo kesho, na unitajie ni nani utapanda naye baiskeli.

Mama yako