Pilau ya sikukuu tunashukuru, ila mgonjwa anahitaji msimamizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mama lishe hapa Kariakoo. Kila ikifika Krismasi au Ramadhani, magari husimama karibu na meza yangu, watu wakashusha masufuria ya pilau kwa ajili ya wanaolala kwenye baraza za maduka. Picha zinapigwa, wanaondoka. Siwalaumu, mwenye njaa hakatai pilau. Ila ningewaomba hao hao warudi siku ya kawaida, Jumanne hivi, hata mikono mitupu.

Mwaka jana kijana mmoja anayebeba mizigo hapa sokoni alikohoa mpaka wiki mbili zikapita, usiku jasho linamtoka. Nikamburuta kituo cha afya, makohozi yakapimwa, akakutwa na kifua kikuu. Dawa za TB ni bure, hilo halina ubishi. Kilichotukwamisha ni fomu: anakaa mtaa gani, mjumbe wake nani, nani atamsimamia kumeza dawa nyumbani. Nyumbani wapi? Analala mbele ya duka la vitenge, na maboksi anayolalia anayaficha kabla mwenye duka hajafungua. Mhudumu kashika kalamu, anatutazama. Nikamwambia aandike jina langu na namba yangu ya simu.

Usimamizi wenyewe si kazi ya kutisha. Asubuhi chai ikishachemka anakuja, anameza nikimwona, naweka alama kwenye kadi. Miezi miwili ya kwanza kidonge chenye dawa nne ndani yake, kisha miezi minne chenye dawa mbili. Siku za mwanzo alinijia mbio, mkojo umekuwa mwekundu, anajua ndiyo basi tena. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ndivyo zilivyo. Alipoanza kupata nafuu, jamani, ile njaa! Sahani ya wali maharage ilikuwa kama kumchokoza, na mzigo bado hawezi kubeba. Pilau ya Desemba ingekuja Machi tungeelewana zaidi.

Lipo na suala la msako. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176 na cha 177, inawagusa wanaoitwa wazururaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mimi si mwanasheria. Ninachojua ni kwamba mgonjwa akizolewa usiku akakaa mahabusu bila vidonge vyake, ugonjwa unaweza kugeuka sugu, na mle ndani hewa ni moja, ya mahabusu na ya askari.

Kwa hiyo, wenye moyo wa kujitolea, nendeni kituo cha afya kilicho jirani mkaulize kama kuna mgonjwa asiye na msimamizi. Na wenyeviti wa mitaa, mtu anayelala mtaani kwako mwandikie barua ya utambulisho.

Kijana wangu amepona, amerudi kwenye mizigo. Sasa nina wengine wawili, na wa tatu sitamweza. Anatafutiwa mtu anayepita Kariakoo kila siku kabla ya saa mbili asubuhi.

Mama lishe,
Kariakoo, Dar es Salaam